Rupia nne za Mjerumani: tatu tulizisugua zikang'aa, moja ikabaki nyeusi

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu dukani, naendelea na kazi. Leo nimeamua kushusha wa kwangu kwa sababu wiki hii nimeona watu watatu wameweka picha za sarafu za zamani wakiuliza wazisafishe na nini zing'ae kabla ya kuuza.

Ndugu yangu, kabla hujashika dawa ya meno, soma kwanza hapa. Haya yametokea nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi. Nilichobadilisha ni majina tu.

Ni ndefu kidogo. Vuta kiti.

Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya Mwanza mjini, upande wa Kamanga. Ukishuka kwenye kivuko unafuata ufukwe kama dakika arobaini kwa mguu mpaka unakuta mawe makubwa yameingia ziwani. Siku hizi wengi wa kule wanazunguka na daraja la Kigongo. Mimi bado napanda kivuko, mazoea tu.

Tulizaliwa wanne. Dada Suzana ndiye mkubwa, nikafuata mimi, akaja Deus, halafu Vero kitinda mimba.

Mwaka ambao Suzana aliondoka nyumbani ndio mwaka ambao babu mzaa mama alifariki. Baada ya matanga walibomoa nyumba yake ya udongo. Ukutani, juu ya kilipokuwa kitanda, wakakuta chungu kidogo kimezibwa kwa udongo. Ndani yake rupia nne za Mjerumani, nyeusi kama masizi.

Babu alizirithi kwa baba yake. Huyo naye alizipataje, hakuna mwenye uhakika. Wengine walisema alibeba mizigo ya Wajerumani, wengine walisema aliuza ng'ombe. Kinachojulikana ni kwamba hazikuwahi kutembea sokoni. Zilitoka kwa Mjerumani zikaingia ukutani.

Mama ndiye mtoto pekee wa babu aliyekuwa hai, zikawa zake. Akatuita, akasema, "Rupia nne, watoto wanne. Kila mtu ana yake."

Ya Suzana, ambaye hakuwepo, akaifunga kwenye kipande cha kitenge akaiweka chini kabisa ya kopo la maziwa. Zetu zikakaa juu yake.

Sasa wakuu, mama yangu ni mtu wa usafi kupita kiasi. Jumamosi ya kabla ya Krismasi na ya kabla ya Pasaka, vyombo vyote vya nyumba vilikuwa vinashuka ziwani. Tunabeba masufuria kichwani mpaka kwenye mawe. Masufuria tunasugua kwa mchanga, na samaki wadogo wanakuja miguuni kula ukoko wa ugali, wanakutekenya mpaka unacheka mwenyewe. Pembeni dagaa wameanikwa. Wanawake wanasemana kutoka jiwe moja hadi jingine.

Tukimaliza vyombo, mama anafungua kopo.

Rupia zilikuwa na dawa yake: majivu ya kuni, nusu limau, na jani la msasa, lile jani linalokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Unachovya, unasugua kwa kuzungusha kidole, unasuuza ziwani, unarudia. Weusi unahamia kwenye vidole kama wino. Chini yake kuna mzungu mwenye masharubu na kofia ya chuma yenye tai juu yake. Ukigeuza, kuna simba mbele ya mnazi.

Yalikuwa mashindano. Mama alikuwa anainua moja moja juani, anafumba jicho moja, anatangaza mshindi. Mshindi anakula kichwa cha sato siku hiyo.

Nilikuwa nashinda mimi. Karibu kila mara. Deus alikuwa mvivu, anasugua upande wa Mjerumani tu, simba anabaki na kiza chake. Vero alikuwa mdogo, analamba limau lote kabla hajaanza kazi.

Siku moja nilimwambia mama, "Nisugue na ya dada?"

Akasema, "Iache. Mwenyewe akija ataisugua."

Hakuja.

Hapa lazima niwe mkweli, maana niliahidi. Baba alitaka Suzana aache shule aolewe na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe. Suzana akakataa, akakimbilia kwa shangazi Sengerema mjini. Baba alizunguka siku mbili anamtafuta. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua alipo, kwa sababu nilimsikia akiagana na mama. Baba aliponikazia macho, nikasema.

Alipofika kwa shangazi hakumkuta. Suzana alikuwa ameshapanda basi.

Baadaye tulijua yuko Bunda, ana mgahawa, ana watoto. Kutoka Igoma, ambako nina duka langu la vifaa vya ujenzi, Bunda ni barabara hiyo hiyo ya Musoma, basi linapita mlangoni kwangu. Namba yake alikuwa nayo Vero. Baba alipofariki, Suzana alituma rambirambi kwa simu. Mama alikuwa anasema akija mwenyewe atapokelewa. Suzana alikuwa anamwambia Vero wakimwita atakuja. Ikapita zaidi ya miaka thelathini, wakuu, kwa watu wasiotaka kuanza.

Turudi kwenye sarafu.

Mwaka jana macho ya mama yalikuwa yameziba kwa mtoto wa jicho. Vero ndiye anayekaa naye, akanipigia kwamba mama amemwaga uji wa moto mguuni, haoni kikombe kilipo. Daktari akasema ni upasuaji, tena bora uwahi.

Deus, ambaye yuko Geita, akanipigia jioni ile ile.

"Kaka, zile rupia. Huku watu wanaziulizia mpaka wanagombana. Tunakaa na hela kwenye kopo halafu mama anakuwa kipofu?"

Mnazijua zile hadithi za rupia ya Mjerumani. Kila kijiwe kina mtu ambaye binamu yake aliuza moja akanunua gari. Mimi sikuziamini sana, lakini nikavuka nikaenda.

"Mwangaluka mayu," nikamsalimu mama kwa Kisukuma. Akajibu huku anatafuta mkono wangu. Nikamweleza. Akasema, "Ziuzeni, mwanangu. Sitaki kuwa mzigo kwenu." Akatoa tatu. Ya nne akaibakiza kwenye kopo.

Nikamwomba niende nayo ikaangaliwe tu.

"Kuangaliwa," akasema. "Kuuzwa hapana. Si yangu, si yako."

Rafiki yangu mmoja akanielekeza kwa mzee Kamugisha, Mhaya mmoja anayeishi Nyegezi. Alikuwa karani wa benki mpaka akastaafu, na amekusanya sarafu tangu ujana. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akatandika taulo mezani karibu na dirisha kabla hata ya kuuliza nimeleta nini.

Nikamwaga tatu zetu kwenye taulo. Zilikuwa zinang'aa hatari. Nilijisikia fahari kabisa.

Mzee alizitazama, kisha akauliza, "Nani alizisugua hizi?"

"Sisi, mzee. Tulipokuwa watoto."

Akachukua moja kwa ukingo, bila kugusa uso wake, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Akanipa na mimi nione. Wakuu, nilichokiona siwezi kukisahau. Ile rupia niliyokuwa naona laini kama maji ilikuwa imejaa mikwaruzo, maelfu, yote imezunguka kama alama za tairi uwanjani. Ni njia ya kidole cha mtoto.

"Aliyesugua hii alikuwa na bidii sana," akasema.

"Ni mimi."

"Pole."

Halafu akanipa shule, na hapa ndipo nataka mnisikilize nyie wa dawa ya meno.

Kwanza, kuchakaa na kusuguliwa ni vitu viwili tofauti. Sarafu ikitembea mikononi mwa watu inalika taratibu, inaanzia sehemu zilizoinuka. Kwenye rupia hii anaanza tai wa juu ya kofia, yanafuata masharubu, upande wa pili manyoya ya simba. Mpimaji anaangalia hapo, anaona imelika kiasi gani, anaipa gredi yake. Inaweza kuwa ya chini lakini ni gredi halali. "Kuchakaa ni umri," mzee alisema. "Hakuna anayemlaumu mtu kwa kuzeeka."

Pili, sarafu inapopigwa chapa kiwandani, uso wake unabaki na mistari midogo sana ambayo macho hayaioni. Hiyo ndiyo inayocheza na mwanga. Ukisugua umeifuta, na hairudi. Itang'aa, lakini mpimaji anaijua kwa kuitupia jicho tu.

"Huu wako ni mng'ao wa sufuria," akasema. Hakuwa ananitukana. Alikuwa anasema kweli tupu.

Tatu, ule weusi ambao sisi tuliuona uchafu ni utando ambao fedha inajitengenezea ikikaa miaka mingi. Kwa wanaojua, ni ushahidi kwamba haijaguswa.

Zetu tatu akasema zina thamani ya fedha iliyomo, kwa uzito, basi. Ya Deus angalau upande wa simba ulikuwa na nafuu. Yaani uvivu wake ndio uliookoa kitu, na mimi wa kichwa cha sato ndiye niliyeharibu kuliko wote. Nilicheka, ila kilikuwa kicheko cha kuficha kitu.

Ndipo nikafungua kitenge.

Mzee Kamugisha aliishika ukingoni akaigeuza polepole dirishani. Chini ya ule weusi mwanga ukawa unazunguka kama spoku za baiskeli. Manyoya ya tai yalihesabika. Masharubu yalikuwa nywele nywele.

"Hii imekaa wapi?"

"Kwenye kopo. Mwenyewe hakuwahi kuja kuichukua."

Akataja bei ambayo angenipa siku ile ile. Siiandiki hapa, lakini macho yote mawili ya mama yalikuwa yanatosha humo, na mabati ya nyumba juu yake.

Nikamwambia nimetumwa kuileta iangaliwe tu. Akanirudishia bila kubembeleza. Muungwana.

Sasa kwenye kivuko shetani alinikalia karibu, sitaficha. Niliwaza hivi: mama haoni. Nageuka, namuuzia mzee, nanunua rupia yoyote nyeusi, naifunga kwenye kitenge kile kile. Macho yanapona, kila mtu anafurahi. Nilikaa na hilo wazo mpaka kivuko kilipogusa Kamanga.

Nilipofika mama alinyoosha kiganja. Nikamwekea ya kwanza. Akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hii yako. Imekuwa kama kokoto la ziwani." Ya pili. "Deus huyu. Simba wake bado ana makucha." Ya tatu akasema ni ya Vero, imebonyea pembeni, aliing'ata akiwa anaota meno ya ukubwani. Nilishukuru Mungu sikufanya nililowaza.

"Wamesemaje?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia yote, kwamba kusugua ndiko kulikoziua.

Aliiweka mikono magotini.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeziharibu."

"Ni sisi sote, mama. Hatukujua."

"Na ya Suzana?"

"Hiyo ndiyo nzima."

Mama akaipapasa ile nyeusi muda mrefu kuliko zote. Halafu akasema, sauti imeshuka, "Nzima kwa sababu hakuja."

Vero alikuwa mlangoni na beseni, akasimama pale pale.

"Mpigieni," mama akasema.

Nilipiga mimi. Vero alinisomea namba. Ikaita, ikapokelewa, nikasikia vyombo vya mgahawani.

"Shikamoo dada. Ni mimi, mdogo wako." Nikataja jina langu.

Akauliza, "Mama amefariki?"

"Hapana. Mama anakuita."

Simu haikukatika. Nilisikia mtu akimuuliza chapati zimebaki ngapi na yeye hamjibu. Mwisho akasema, "Jumamosi."

Jumamosi nilimpokea Igoma. Nilikuwa namkumbuka binti mwembamba wa shule. Akashuka mama mtu mzima, mnene, ana mvi, anachechemea mguu wa kushoto. Nilimtambua kwa jinsi alivyokunja uso kutafuta jua liko wapi. Ni uso wa mama kabisa.

Kwenye kivuko nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena. "Dada, mimi ndiye niliyemwambia baba uko kwa shangazi."

"Najua. Shangazi alilijua siku ile ile baba alipofika, baadaye akaniambia."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili." Akatazama maji. "Na mimi nilikuwa na kumi na saba. Baba angenikazia macho vile hata mimi ningesema."

Basi. Miaka yote hiyo nimebeba, yeye alishaweka chini zamani.

Kuhusu walivyokutana na mama siandiki sana. Suzana alipiga magoti akasema shikamoo, mama hakuitikia, alimpapasa uso, masikio, shingo, kama alivyopapasa zile rupia. Kisha akasema, "Mbona umechelewa kula? Njoo ule."

Deus alikuwa amekuja kutoka Geita. Baada ya chakula tukamsindikiza mama kwenye mawe, alitaka tukae pale sote. Akamkabidhi Suzana kile kitenge mkononi.

Suzana akafungua. Akaona yake nyeusi. Akaomba kuona zetu, zikang'aa pale juani. Aibu ikamjaa usoni, nilimwona.

"Yangu tu ndiyo chafu," akasema.

Vero alikuwa ameleta majivu na limau kwa ajili ya sufuria la samaki. Kabla hatujajua kinachoendelea, Suzana alishakata limau.

Deus akaruka. "Dada, acha! Usiiguse! Hiyo ukiisugua tu imekwisha, muulize kaka!"

Suzana akasimama na ile rupia mkononi, limau linamtiririka kwenye kiganja. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mama.

Mama akasema, "Ni yake."

Wakuu, mimi najua sasa kila mzunguko wa kidole unafanya nini. Niliona kwa kioo. Nikikohoa tu pale, Suzana angeacha. Sikukohoa.

Akasugua. Majivu yalikuwa yanalia kwenye fedha, krr, krr, na weusi ukaanza kuhamia kwenye vidole vyake. Deus alitembea mpaka kwenye maji akatugeuzia mgongo. Nilijua anahesabu mabati.

Baada ya muda alirudi, akamwangalia dada yake, akachuma jani la msasa pale pembeni, akalichovya ziwani akampa.

"Lilowe kwanza," akasema, bado amenuna. "Likiwa kavu linakata vidole."

Mama aliipokea ikiwa imeng'aa, akaiinua juani na macho yake yasiyoona. Hakutangaza mshindi. Alikuwa analia tu.

Upasuaji tulichangishana wanne, Suzana ndiye aliyekaa naye hospitalini Mwanza. Bandeji ilipotolewa kwenye jicho la kwanza, mama alimtazama Suzana kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Kumbe umezeeka hivi?" Wodi nzima ilicheka. Nyumba bado inavuja upande wa jikoni, tunaenda nayo hivyo hivyo.

Nilirudi Nyegezi kumweleza mzee Kamugisha, nilihisi ananidai maelezo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani akaifuta, akaivaa.

"Kama mkusanyaji," akasema, "umeniumiza sana." Akaniletea chai.

Sasa somo, maana najua ndilo wengi mmelisubiri.

Sarafu ya zamani usiisugue. Si majivu, si limau, si dawa ya meno, si mchanga, si kitambaa kigumu. Ishike ukingoni. Iweke kavu, kila moja peke yake, isigongane na nyingine. Ikiwa nyeusi iache nyeusi. Kama imechakaa kwa kutumika usihangaike kuifanya mpya, maana uzee wake una bei yake na upya wa kulazimisha hauna. Na kabla hujauza mpelekee mtu anayejua, usimfuate wa kijiweni.

Hayo ndiyo ninayoyajua na nayasimamia. Mtu akileta sarafu dukani kwangu leo aniulize, nitamwambia hivyo hivyo.

Lakini siku ile nilinyamaza, na sitawadanganya kwamba nina amani nalo asilimia mia. Mvua ikinyesha nikikumbuka lile jiko, huwa nawaza. Halafu Vero ananitumia picha ya mama na Suzana wanachambua mchele, nawaza vingine.

Wajuvi wa sarafu, na nyie wengine wenye ndugu, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe pale kwenye jiwe, unajua nilichokuwa najua, ungemshika dada yako mkono?